Tope la Chumba cha Juu

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, jua kali, anga haina wingu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa mpima tope wa bwawa letu, alivaa viatu vya mpira ili ashuke kwenye mfereji ulio mbele ya lango la chini. Msimamizi wa lango alikuwa baba. Mimi nilikuwa karani wao.

Kwa miaka mitatu baba alikuwa akiniamuru niandike daftarini kwamba kila Jumatatu alilifungua lango ili mto uondoe tope lake. Hakulifungua. Tope lilirundikana, sakafu ya mto ikapanda, na mvua kubwa zilipokaribia, matuta hayakutosha tena. Mjomba alitaka vipimo ili watu wa bondeni wahamishwe kwa wakati. Vipimo hivyo vingemuumbua baba.

"Shemeji, umekuja kuupima mto au kunipima mimi?" baba akauliza.

"Wewe nitakupima baadaye, kitambi kikikomaa."

Kituoni, anayeshuka huitundika kofia yake ngumu kwenye gurudumu la kufungulia lango. Gurudumu haliguswi mpaka aichukue mwenyewe, maana lango likifunguka maji hujaa mferejini. Mjomba akaitundika.

"Nenda tu, shemeji. Nailinda."

Saa tano kasorobo nikasikia gurudumu likizunguka. Nilipotoka ofisini, kofia ilikuwa sakafuni, miguuni pa baba.

"Ameshapanda," akanong'ona. "Andika."

Nikaandika. Nikatia saini.

Mjomba hakuonekana tena. Siku ya sita mvua zilishuka, mto ukavunja tuta ukafunika nyumba arobaini za bondeni, na watu wakiwamo. Nyumba yetu iko kilimani, maji hayakuifikia. Hata hivyo, kesho yake mama alikuta tope chumbani mwa baba, ghorofani. Jembamba, laini, bado baridi. Akapiga deki. Akamuuliza mumewe kwa mara nyingine mdogo wake yuko wapi.

"Alipanda," baba akajibu.

Asubuhi iliyofuata tope lilikuwa nene zaidi. Ikawa hivyo kila alipojibu. Hapakuwa na unyayo. Dari ilikuwa kavu.

Siku ya kumi na mbili nilishindwa. Nilimwambia mama kuhusu kofia. Hakulia.

"Hata wewe, mwanangu?"

Akapanda ngazi, nami nyuma yake. Ulikuwa mchana, jua la utosi. Baba alikuwa amejifungia kwa komeo. Mama aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Baba watoto. Nakuuliza mara ya mwisho."

Kisha sauti ya baba, ndogo.

"Alipanda."

Ndani tukasikia gurudumu la lango likianza kuzunguka. Chuma kizito. Taratibu. Baba akaita jina la mjomba mara moja. Kisha hatukusikia kitu.

Tulivunja mlango. Komeo lilikuwa bado limefungwa kwa ndani, dirisha pia. Tope lilikuwa tambarare kama meza, kutoka ukuta hadi ukuta. Tulichimba mpaka kwenye sakafu. Tulikipata kitanda. Baba hatukumpata.

Kabla ya kuchimba nilikuwa nimelipima tope hilo, kwa rula ya kituo, katika pembe zote nne. Kila pembe ilikuwa sentimita sitini na mbili.