Breki Zilizopakwa Mafuta

Katika nyumba ya seremala, hakuna kitu kilichoruhusiwa kulia. Mlango ukilia, mafuta. Kitanda kikilia, mafuta. Cherehani ya mkewe ikipandisha sauti kidogo tu, mume huyo hapo na kopo lake la mafuta, uso umejaa tabasamu. Mkewe alimcheka miaka yote, na alimpenda hivyo hivyo.

Basi gari lao kubwa, lile la kubebea mbao na familia, likaanza kupiga kelele kila breki zikikanyagwa. Mume akavua gurudumu la mbele kushoto, akamimina mafuta. Kelele zikakoma.

"Umeona?" akajigamba. "Mumeo ni mtu na nusu!"

Asubuhi iliyofuata walitaka kumpeleka mama mzaa mume hospitali, chini ya mlima, akafunguliwe bandeji za macho. Bibi alikuwa amekaa uani, mkoba mapajani. Mume akalisogeza gari polepole, akakanyaga breki. Gari likavuta upande wa kulia, likaendelea kuteleza, likasimama karibu kabisa na miguu ya bibi.

"Umefika, mwanangu?" akauliza bibi, haoni kitu.

Mke akaja mbio. "Mama hapandi gari hili."

"Lakini daktari anatungoja!"

"Atangoja hadi mchana. Nitampigia simu. Mama hatuna wa akiba."

Akamwita jirani yao, fundi gari. Fundi huyo, mwanamke, akaja na ovaroli yake, akavua gurudumu, akagusa ndani, akanusa kidole.

"Shemeji, umepaka nini humu?"

"Mafuta. Kidogo tu."

"Shemeji!" Fundi akashika kiuno. "Hizi ni pedi za breki. Kazi yake ni kubana diski hii ya chuma mpaka gurudumu lisimame. Ukizipaka mafuta, zinateleza. Kulia kunashika, kushoto hakushiki. Ndiyo maana gari limevuta kulia."

"Na zile kelele?" akauliza mke.

"Gari lilikuwa linawaita. Tazama, pedi zimekwisha, nyembamba kama kucha. Likilia, kagueni pedi mapema. Mkisikia chuma kinasaga chuma, au pedali inazama mpaka chini, msiliendeshe kabisa. Niiteni."

Mume akamtazama mama yake. "Ningemuua mama," akasema. Mkewe akamshika mkono.

Fundi akasafisha diski kwa dawa maalumu, akaweka pedi mpya mbele, pande zote mbili. "Upande mmoja peke yake haufai," akaeleza. Akakanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu. Kisha akalijaribu gari polepole mahali tambarare. Likasimama palepale, limenyooka.

Mchana wakateremka mlima.

"Mbona gari liko kimya?" akauliza bibi. "Tumepanda gari la watu?"

Walicheka mpaka hospitali. Bandeji zilipofunguliwa, bibi alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Umekonda," akasema, na machozi yakamtoka mwanawe.

Jioni, nyumbani, bibi akakaa kwenye kiti chake. Kiti kikalia. Seremala akalirukia kopo la mafuta, mara akasita. Akaliweka chini, akapiga magoti.

"Inuka kidogo, mama," akasema. "Kwanza niangalie kinalia nini."

Mguu mmoja wa kiti ulikuwa karibu kung'oka.