Barafu Nyuma ya Dashibodi

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku aliosha gari la mama yake, dereva wa teksi. Alisugua milango na kung'arisha vioo hadi vikametameta. Jina hilo la utani alilipata kwa maswali yake yasiyokwisha.

Jumamosi moja, baada ya kuosha gari, walimpakia babu kumpeleka hospitali ya mbali, kwani kifua kilikuwa kinamsumbua. Jua liliwaka kama tanuri. Mwanzoni kiyoyozi cha gari kilipuliza baridi safi, lakini njiani upepo ukafifia na joto likawavamia. Babu akaanza kukohoa, jasho likimchuruzika.

"Gesi imeisha," mama alisema, akakata kona kuelekea gereji ya fundi wa viyoyozi aliyeitwa Kipupwe. "Tuongezee gesi upesi, fundi. Tuna mgonjwa."

Kipupwe alipoushika mpira wa gesi, Kasuku hakuweza kujizuia.

"Shikamoo, mjomba. Mbona upepo ulipungua kwanza, baridi ikiwa bado ipo? Na jana pia kilififia, lakini tulipoegesha kidogo, kikafanya kazi tena."

"Mwanangu, waache wakubwa wazungumze," mama alimkanya.

"Marahaba. Mwache, dada," fundi alisema, akauweka mpira chini. "Huyu ameona kitu."

Alimketisha babu kivulini, akang'oa kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria. Nyuma yake akachomoa chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi, nywele na majani makavu, utadhani kiota cha shomoro. Kisha akamulika tochi ndani.

"Njoo utazame."

Kasuku aliinama, akasahau hata kupumua. Mabomba membamba yalikuwa yamevikwa barafu nene, nyeupe pe pe pe, iking'aa kama lulu. Nje, bati la gereji lililia kwa joto. Alipenyeza kidole, akaigusa, kikafa ganzi.

"Barafu!" alinong'ona. "Kwenye jua hili!"

"Hewa haipiti kwenye uchafu huu," Kipupwe alieleza. "Basi baridi inabaki palepale, unyevu unaganda, na barafu inaziba hata kanjia kalikobaki. Mkizima, inayeyuka. Nani husafisha gari?"

Kasuku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mimi," alisema. "Lakini husafisha panapoonekana tu."

"Na mimi sikumwonyesha hapo," mama akakiri. "Kosa ni letu sote."

Fundi alizima baridi, akaacha feni izunguke. Punde maji yakatiririka chini ya gari, na Kasuku akayatazama kwa mshangao hadi tone la mwisho. Barafu ilipokwisha, Kipupwe alipima gesi. Ilikuwa tele! Alichohitaji kuweka ni chujio jipya tu.

Safari hii baridi haikukatika hadi mlango wa hospitali. Daktari alipomaliza kumpima babu, aliwaambia vumbi ni adui mkubwa wa kifua kama kile.

Walipotoka, babu aliushika mkono wa Kasuku.

"Mjukuu wangu, umetuokoa kwa kuangalia na kwa kusema kweli. Basi jicho lako hilo lifikishe na kule kusikoonekana, maana uchafu tusiouona ndio tunaouvuta."

"Nimesikia, babu," Kasuku alijibu, akamfungulia mlango wa gari.