Vidole Viwili Juu ya Tairi

Gari liliibwa alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi lilikuwa limepatikana mtaa wa pili, limeegeshwa vizuri, milango imefungwa, halina hata mkwaruzo. Inspekta, mama ambaye kituoni walimwita Tochi kwa kuwa hapitwi na kitu, alilizunguka mara mbili akiguna. Mwizi gani huyu mwenye adabu?

Mwenye gari, mfamasia aliyefiwa na mkewe, alikuwa anafoka.

"Namtaka mwizi huyo ndani. Jumamosi namwoza binti yangu, na gari hili ndilo la kumpeleka."

"Kuna kilichopotea?"

"Hakuna. Lakini hebu liangalie nyuma. Limebinuka kama bata."

Lilikuwa gari dogo jekundu la spoti, la zamani, la viti viwili. Inspekta alichuchumaa. Kati ya tairi la nyuma na bodi vilipita vidole viwili. Kwenye picha ya zamani ya gari aliyoonyeshwa, hapo hapakupita hata karatasi. Akamulika chini. Nati zinazoinua springi zilikuwa zimezungushwa, na mahali palipokuwa na kutu palikuwa panang'aa. Alama za vidole zilikuwa zimefutwa. Kufuli la banda lilimolala gari halikuvunjwa. Na kwenye viti vyote viwili kulikuwa na chembe za mchanga.

Mchanga huo ulimkera. Wa viatuni ungekuwa sakafuni, si kitini.

"Jumamosi kwenye kiti cha pili atakaa nani?"

"Binti yangu."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wote wanajua atakuja na basi la familia. Nilitaka kuwashtukiza."

Binti akaitwa.

"Mwanangu, ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Hujui kudanganya, na hilo ni jambo jema. Nani?"

"Mjomba."

Mfamasia alimgeukia. "Yule? Hajakanyaga kwangu tangu msiba wa mama yako."

"Ndiyo, baba. Lakini mimi nakanyaga kwake."

Walikwenda na gari lenyewe, mfamasia akiendesha, Inspekta kando yake. Kwenye gereji ya mjomba, magunia mawili ya mchanga yalikuwa bado yameegemea mizani. Mjomba alipoliona gari alishusha pumzi, wala hakukimbia.

"Banda ulilifunguaje?" Inspekta aliuliza.

"Dada aliniachia funguo."

"Na mchanga?"

"Huwezi kupima kimo cha gari likiwa tupu. Unalipakia uzito wa watu wake, unaliendesha kidogo springi zitulie, ndipo unapima. Magunia hayo ndiyo shemeji na mpwa wangu."

"Kwa nini uibe?"

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa. "Shemeji alilishusha nyuma ili lipendeze. Nililiona likipita, tairi linakula mpira unaopitisha mafuta ya breki. Nikampigia simu, akakata. Sikio la kufa halisikii dawa, Inspekta, hata likiwa la muuza dawa. Nilipokuwa sina pa kulala, dada yangu alinipa chumba, akanilisha mpaka nikaijua kazi hii. Huyu ndiye mtoto wake wa pekee. Nimeiba, sikatai. Nifungeni, ila harusi ipite kwanza."

Akachukua mpira wa breki aliokuwa ameutoa alipofunga mpya, akampa shemeji yake. Ulikuwa umelika hadi nyuzi za ndani. Mfamasia aliukunja kidogo tu, ukapasuka mkononi mwake. Akakaa juu ya tairi bovu.

"Asante, shemeji," alisema. "Umeniokolea mtoto. Nami nilikuwa nakutafutia pingu."

"Ni mtoto wetu."

"Inspekta, nafuta malalamiko. Nisamehe kwa usumbufu."

"Usumbufu kama huu niletee kila siku," alisema Inspekta, na alimaanisha.

Mfamasia aliyatazama magunia. "Mimi ulinikadiria kilo ngapi?"

"Tisini."

"Sasa ni themanini. Tangu dada yako aondoke, chakula hakishuki."

Mjomba akaokota spana.

"Basi nyuma nimeliinua kupita kiasi. Inabidi nilishushe kidogo."

"Lishushe," alisema mfamasia, akifungua mlango wa gari. "Ila gunia liache hapo. Nakaa mwenyewe."