Chupa ya Juisi Bustanini Wote

"Tai, usisimame."

Sauti ya Madam Nduku, mkuu wa kikosi, iliingia sikioni mwa Kyule Musyimi, aliyeitwa Tai kazini, ikiwa imetulia, kama ya mwalimu anayeita majina darasani.

"Narudia. Hata huyo mtu akifanya nini, usisimame mpaka nikwambie."

"Nimesikia, Madam."

Kyule akafungua gazeti.

Ilikuwa saa sita na dakika tano mchana, Jumamosi, katikati ya mji wa Wote. Bustani ya umma ilikuwa imejaa watu waliokuja kupumzika. Wanafunzi wa chuo walikuwa wamelala nyasini, viatu pembeni. Wazee wawili walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mtunza bustani alikuwa anamwagilia maua kwa mpira, na maji yakiinua harufu ya udongo.

Chini ya gazeti kulikuwa na bastola, Glock 19, risasi kumi na tano.

Hazingemsaidia chochote.

Hatua arobaini mbele yake, kwenye benchi la chuma chini ya mjakaranda, walikuwa wameketi mwanamume na mwanamke. Mwanamume aliitwa Lenz. Alikuwa na pasipoti nne, na hakuna aliyejua ipi ilikuwa ya kweli. Kwa miaka sita alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa upande wa Ikutha, akajifunza Kiswahili kizuri kuliko cha vibarua wake. Wiki tatu zilizopita kilo mia mbili za vilipuzi zilitoweka kwenye machimbo hayo. Lenz alitoweka nazo. Kuna watu nje ya nchi waliotaka barabara ya Mombasa ikatike, na ikatike na watu wengi juu yake.

Sasa vilipuzi vilikuwa chini ya mbuzi.

Mbuzi walikuwa kwenye lori. Lori lilikuwa mahali fulani Malili, kati ya malori sitini yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu, karibu na malori ya mafuta ambayo madereva wake walikuwa wanakula chakula cha mchana. Namba ya lori ilikuwa imebadilishwa. Turubai pia. Dereva, Mahad, hakujua amebeba nini. Simu yake Lenz aliichukua asubuhi, akamwambia ni sheria ya kampuni.

Lenz alikuwa ameshika simu ndogo ya batani. Kidole gumba kilikuwa juu ya batani ya kijani, na namba ilikuwa tayari kwenye kioo.

Saa saba kamili angepiga, na vilipuzi vingelipuka. Au dakika yoyote kabla ya hapo, akiona uso usiomfurahisha.

Mwanamke aliyeketi kando yake alikuwa Shamis, dada mkubwa wa Mahad, mwenye duka la vitambaa Ikutha. Lenz alimtaka amletee gari na karatasi za kumvusha mpaka. Alimwambia kwamba mdogo wake atarudi salama yeye akinyamaza.

Shamis hakunyamaza. Siku mbili zilizopita aliingia ofisini kwa Kyule akiwa na mkoba begani, akasema, "Afande, mimi si mtu wa mambo haya. Lakini huyo mzungu amemweka ndugu yangu kwenye kitu kibaya."

Kyule alimwahidi atakuwa karibu.

Pini ya hijabu ya Shamis ilikuwa na kinasa sauti kidogo kama punje ya mtama. Kifaa cha sikio hakupewa. Lenz alikuwa mtu wa kukagua masikio. Kwa hiyo Kyule alimsikia Shamis kila pumzi, lakini hakuwa na njia ya kumwambia neno.

"Gari iko wapi?" Lenz aliuliza.

"Nyuma ya benki. Probox nyeupe. Dereva anakungoja."

"Na karatasi?"

"Utapata nikisikia sauti ya Mahad."

"Hapana, mama. Huwezi kumsikia. Simu yake ninayo mimi."

Kyule aligeuza ukurasa asiousoma.

"Mbithi," alinong'ona kwenye kola. "Niambie kitu."

Mbithi alikuwa mtaalamu wa mabomu, na alikuwa Malili na watu wanane, wote wamevaa kiraia. "Malori ya mbuzi ni kumi na moja, bro. Siwezi kufungua kila moja. Kuna jamaa wa Lenz anazunguka hapa na pikipiki. Akituona tunapekua, ni kwisha."

"Una dakika hamsini."

"Najua kusoma saa."

Wakati huo lango la bustani lilijaa vigelegele.

Magari matatu yenye utepe mweupe na mabasi mawili yalisimama, na harusi nzima ikashuka. Bibi harusi, wasimamizi waliovaa zambarau, akina mama wa kanisa, kwaya, mpiga picha mwenye kamera mbili shingoni. Watu themanini. Wakaja moja kwa moja kwenye maua yaliyokuwa nyuma ya Kyule.

Mama mmoja mnene mwenye kofia ya dhahabu alimwinamia. "Mwanangu, samahani. Mimi ni Mama Ndila, shangazi wa bibi harusi. Hapo ulipokaa ndipo maua ni mazuri. Unaweza kutupisha?"

"Mama, mguu wangu ni mbaya. Siwezi kusimama."

"Aki pole. Basi kaa, tutakuzunguka." Akamwekea soda mkononi. "Kunywa, jua ni kali."

Walimzunguka kweli. Sketi za zambarau zilifunika mjakaranda, benchi la chuma, kila kitu. Kyule hakuona tena. Ilibaki sauti sikioni.

"Madam, siwaoni tena."

"Wengine wako wapi?"

"Yule mwenye mpira wa maji anaona. Lakini yuko mbali kuliko mimi."

"Basi sikiliza tu, Tai."

Alisikiliza.

"Leo ni joto," Shamis alikuwa anasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mteja dukani. "Mahad atakuwa anawaza wanyama. Huyo kijana hawezi kuacha mbuzi juani. Tangu utotoni. Hata akiwa na njaa atatafuta kivuli cha wanyama kwanza."

"Sijali," Lenz alisema.

"Na swala hakosi. Pale Malili kuna msikiti wa mabati, nyuma ya maduka. Una tangi kubwa la maji, na kivuli chake saa hizi ni kizuri. Kila safari anaegesha hapo. Saa hizi, nakuambia, anaosha miguu."

Kyule alielewa.

Shamis hakuwa anaongea na Lenz. Alikuwa anaongea na pini.

"Mbithi! Msikiti wa mabati nyuma ya maduka. Tangi la maji."

"Nimemsikia dada mwenyewe. Tunaenda."

Kwaya ilianza kuimba kwa Kikamba. Mpiga picha alipiga kelele, "Bibi harusi, cheka! Bwana, mshike kiuno, ni wako sasa!" Watu wakacheka. Kyule alibonyeza kifaa cha sikio kwa kidole hadi kikamuuma.

Dakika nne.

"Tai, tumempata Mahad." Mbithi alikuwa anahema. "Yuko hapa na miguu imelowa. Lori liko kivulini. Isuzu ya buluu. Naingia chini."

"Unahitaji muda gani?"

"Dakika tisa. Nikiharakisha sana, nane. Usiniulize saba."

Nane zilitosha. Kyule alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kisha Lenz akasema, "Unaongea sana leo, mama."

"Nikiwa na hofu naongea."

"Koo litakauka. Nimekuletea juisi. Ya embe, ya hapa kwenu Makueni."

Sauti ya mfuko wa plastiki.

"Mbona kizibo kimefunguliwa?" Shamis aliuliza polepole, neno kwa neno.

"Nimekufungulia mimi. Mikono yako inatetemeka."

Wasichana wawili wa zambarau walisogea, na kwa sekunde tatu Kyule aliona. Aliona chupa ndogo ya rangi ya manjano. Aliona mkono wa Lenz ukiinyoosha. Aliona mkono wa pili na simu, kidole kikiwa palepale.

"Madam, anampa sumu."

"Huna hakika."

"Madam, chupa imefunguliwa. Anafuta mashahidi. Niruhusu."

"Hatua ngapi?"

"Arobaini. Na watu katikati."

"Kidole chake kinahitaji muda gani?"

Wote wawili walijua: chini ya sekunde moja.

"Hapo Malili kuna zaidi ya watu mia mbili," Nduku alisema. Sauti yake haikuwa tena ya mwalimu. "Na Mbithi yuko chini ya lori. Usisimame, Kyule. Nakuomba."

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina kazini.

"Unaniogopa?" Lenz alikuwa anauliza. "Kama huna la kuficha, kunywa. Ukikataa nitajua kuna mtu anatusikiliza. Na mimi nitapiga simu yangu sasa hivi."

Kwaya iliingia kwenye kiitikio.

"Bismillahi," Shamis alisema.

Kyule alisikia akimeza. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Usinywe, alisema moyoni, kwa mtu asiyeweza kumsikia. Soda ya Mama Ndila ilikuwa inamwagika kwenye suruali yake na hakujua.

"Ni tamu," Shamis alisema. "Ngoja nikwambie Mahad alivyozaliwa."

Akaanza kusimulia. Alisimulia mvua kubwa ya Ikutha, baba yao Dirie aliyekuwa amekwama ng'ambo ya mto na ng'ombe, na yeye mwenyewe, msichana wa miaka tisa, akishika taa huku mkunga akipiga kelele. Lenz alimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Alimuuliza Lenz kama ana dada. Alimuuliza jina la mama yake. Kila swali liliiba sekunde kumi.

"Dakika tano zimepita, Mbithi."

"Niko kwenye waya wa pili. Mbuzi wananikojolea, bro. Nyamaza."

Kwenye dakika ya sita maneno ya Shamis yalianza kuteleza. Alisema "taa" mara mbili. Alianza sentensi akaiacha. Kisha akaikumbuka na kuimaliza, kwa nguvu, kama mtu anayebeba gunia la mwisho.

"Mkono wangu umekufa ganzi," alisema.

"Ni joto," Lenz alijibu. "Nipe karatasi."

"Ziko... ngoja. Ziko kwenye mkoba. Tafuta mwenyewe. Mimi sioni vizuri."

Lenz alianza kupekua mkoba kwa mkono mmoja. Shamis alikuwa ameufunga kwa vifungo vitatu.

Kyule alikuwa amekunja ncha ya gazeti mpaka imekuwa kamba.

"Malili safi!" Mbithi alipiga kelele. "Safi! Naishika swichi hapa mkononi, imekufa! Na wa pikipiki tumemlaza chini!"

"Tai," Nduku alisema. "Simama."

Alikuwa amesimama tayari.

Alipita katikati ya harusi. Hakukimbia. Aliruka pindo la gauni la bibi harusi, akaomba msamaha, akapita mbele ya kamera. Hatua kumi. Ishirini. Lenz aliinua kichwa akamwona.

Akabonyeza.

Kimya. Njiwa wakaendelea kudonoa nyasi.

Akabonyeza tena.

Kyule aliketi kando yake kama rafiki aliyechelewa, mdomo wa Glock ukiwa umegusa ubavu wake chini ya gazeti.

"Mteja uliyempigia hapatikani kwa sasa," alisema. "Weka simu chini."

Lenz aliiweka. Mtunza bustani aliacha mpira wa maji, akaja na pingu. Mwuza karanga wa langoni, naye wa kikosi, alikuja na nyingine. Wakamwinua Lenz kwa makwapa na kumpeleka kwenye Land Cruiser iliyokuwa nyuma ya choo cha umma, na wazee wa drafti hawakugeuza hata shingo.

"Ulimpa nini?" Kyule alimfuata akiuliza. "Nani ana dawa yake?"

Lenz alitabasamu. "Hakuna dawa."

Shamis alikuwa ameinamia mkono wa benchi. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Kyule alimbeba. Hakukuwa na ambulensi, kwa sababu kuiweka karibu kungemshtua Lenz, na gari la kikosi lilikuwa na Lenz. Mama Ndila aliona, akaacha picha, akapiga kelele: "Leteni gari ya bibi harusi! Wacheni hayo maua!"

Walienda hospitali kwa gari lenye utepe, honi ikilia njia nzima. Watu wa kando ya barabara walipunga mikono, wakidhani ni furaha.

"Mahad yuko salama," Kyule alimwambia Shamis kwenye kiti cha nyuma. "Umesikia? Tulimpata msikitini. Ulitwambia, tukampata."

Macho yake yalikuwa wazi. Kyule hakujua kama alisikia. Alirudia mpaka mlangoni.

Madaktari walijaribu kwa saa moja na dakika kumi.

Kisha daktari kijana akatoka akivua glavu, akatikisa kichwa.

Simu ya Kyule ilitetemeka. "Pole," Nduku alisema. "Kwa rekodi, ni moyo. Alizidiwa na joto bustanini. Lenz hakuwahi kuwepo, lori halikuwahi kuwepo. Wewe ni mpita njia uliyemsaidia."

"Ndugu yake anakuja, Madam."

"Na yeye aambiwe hivyo. Wenzake Lenz bado wako nje. Wakijua ni nani aliyesema, watamaliza nyumba nzima."

Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Mahad alifika saa tisa na nusu, akiwa na harufu ya mbuzi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na macho yake yalikuwa ya Shamis.

"Ni wewe uliyemleta dada yangu?"

"Ni mimi. Pole sana, ndugu yangu."

"Wanasema ni moyo." Mahad alitazama huku na huku kwenye korido. "Alikuwa anafanya nini bustanini? Shamis hawezi kukaa bure. Hata siku ya Idi anafungua duka. Polisi wamenishika Malili saa mbili nzima bila sababu, wakanishushia mbuzi wote, halafu nasikia dada yangu amekufa bustanini. Alikuwa na nani?"

Kyule alitazama doa la soda kwenye suruali yake.

"Ulimwona akiwa hai?" Mahad aliuliza.

"Nilimwona."

"Aliteseka?"

"Alikuwa anaongea," Kyule alisema. "Alikuwa anakuongelea wewe. Siku uliyozaliwa. Mvua, na mto umejaa, na yeye ameshika taa."

Mahad aliketi chini, mgongo ukutani, akafunika uso kwa mikono miwili. Kyule akafunga kifungo cha koti na kutembea kwenda nje, polepole, kama mpita njia.