Nakala Iliyokwama Mlangoni

Spika zilikuwa zimechomolewa. Hilo Siok-hun alilijua vizuri, kwa kuwa mwenyewe ndiye aliyezichomoa asubuhi ile akazipakia kwenye lori la kikundi. Sasa nani aliyekohoa?

Alisimama na waya mkononi akiitazama kompyuta. Kikohozi kilitoka upande ule, kikohozi kidogo cha mtu anayengoja jambo lianze na ameshachoka kungoja.

"Baba?" aliita, kisha akajuta. Baba yake hakohoi hivyo tena. Tangu madaktari walipomtoa koromeo kwa ajili ya saratani, mzee Teng Bok-seng alipumua kwa tundu lililo chini ya kidevu, na akikohoa husikika kama pampu ya baiskeli.

Mlango ulifunguliwa. Aliyeingia ni binamu yake, Kian-hong, fundi wa kompyuta wa pale mjini Huwei, amelowa mvua chapachapa.

"Kompyuta yako imekohoa," Siok-hun alimwambia.

"Ipe dawa. Imefika wapi?"

"Ilipofika jana, na juzi. Na kesho itafika hapo hapo."

Kian-hong aliinama mbele ya skrini. Mstari wa bluu ulikuwa umetambaa hadi kupita katikati ukasimama, na chini yake maandishi mekundu yalisema kwamba diski haisomeki. Alitukana polepole, kwa heshima ya nyumba.

Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya mzee Teng. Zamani alikaa nyuma ya jukwaa la vikaragosi na kuwasemea wote peke yake: mfalme, mtawa, mwizi, mama mkwe, hata mtoto mchanga. Siku hizi vikundi vingi hupiga sauti iliyorekodiwa, mikono ikiwachezesha vikaragosi juu yake, na yeye alikuwa amerekodi michezo yake yote kabla ya kuugua. Wiki iliyopita kompyuta ilikataa kuwaka. Wakaikimbilia diski ya akiba, ile ambayo kila Jumapili iliandika "Nakala imekamilika" kwa herufi za kijani. Walipoifungua walikuta majina ya mafaili yamejipanga vizuri, na ndani ya kila faili, upepo.

"Miaka yote hiyo ilikuwa inanidanganya," Siok-hun alisema siku ile.

"Haikukudanganya, dada. Hukuwahi kuiuliza," Kian-hong alijibu, na nusura apigwe na kibodi.

Kesho jioni walitakiwa kucheza mbele ya hekalu, katika karamu ya mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo. Bila sauti, vikaragosi wangerukaruka bubu mbele ya mji mzima. Lakini hilo silo lililomnyima Siok-hun usingizi. Aliona kwamba kila faili lililokufa lilimuua baba yake kidogo, huku mzee mwenyewe ameketi sebuleni akinywa chai.

Basi walihangaika na flashi ya uokoaji, ile inayoiwasha kompyuta iliyokataa kuwaka. Kwanza mashine haikuiona flashi kabisa. Walibonyeza kitufe mapema mno, wakabonyeza kwa kuchelewa, wakakishikilia mpaka kikalia kama kifaranga. Kian-hong akaitengeneza flashi upya, ikawaka, lakini diski mpya ya kupokelea nakala ikawa haionekani. Ilipoonekana, mashine ilibadilisha majina ya diski hizo mbili, na kidogo tu wamimine utupu juu ya sauti ya mzee. Siok-hun aliuona mshale unaelekea pasipofaa, akauvuta mkono wa Kian-hong kwa nguvu hadi kiti kikaanguka. Baada ya yote hayo nakala ikaanza kwenda, na kila mara ikakwama palepale.

"Iambie iruke sehemu mbovu," Siok-hun alisema sasa.

"Nimeiambia iruke, nimeiambia isome kinyumenyume, nimeibembeleza. Haitaki."

"Badilisha waya."

"Huu ni wa tatu, dada! Nikabadilishe na nini, na mshipi wangu?"

Ndipo mlio ukaanza. Kwa. Kwa. Kwa-kwa.

"Kichwa cha diski hicho," Kian-hong alisema. "Kinagonga. Ndiyo, inakufa."

Siok-hun aliinamisha sikio. Mlio aliufahamu, ila si kwa diski. Alikulia nyuma ya jukwaa, na usiku wowote wa mchezo, kabla ya ngoma ya kwanza, ndio mlio unaotoka kwenye mabenchi: watu wakipasua mbegu za tikiti kwa meno.

"Zima. Izime isije ikajiumiza zaidi."

Kian-hong alizima, akaichomoa diski, akamwekea kiganjani. Ilikuwa baridi, na ilipaswa kuwa ya moto kwa kazi ya mchana kutwa.

Kwa. Kwa-kwa.

Walitazamana. Diski ilikuwa kimya mkononi mwake kama kipande cha tofali, na mlio uliendelea, sasa si mahali pamoja, ulitoka mbele yao na kando ya kabati na karibu na mlango, na pamoja nao ikaja harufu, harufu ya nguo zilizokaa na maji muda mrefu, na udi wa bei rahisi, na udongo wa shimo lililochimbwa leo.

"Ni mvua," Kian-hong alinong'ona. "Paa linavuja."

"Paa linapasua mbegu?"

"Dada, usiniulize mimi. Mimi nimesomea kompyuta."

Baba yake akatokea mlangoni, kikaragosi wake wa mzaha mkononi, yule mwenye upara na jino moja ambaye tangu operesheni ndiye aliyeitikia na kukataa kwa niaba yake. Mzee hakuweza kunusa harufu ile. Pua yake haikupitisha hewa tena. Hata hivyo alisimama ghafla. Macho yake yalipita polepole kutoka ukuta huu hadi ule. Kisha akavua ndara, akainamisha kichwa na mgongo, akaja kwao akipita kandokando ya ukuta, mkono umetangulia chini, kama mtu mwenye adabu anayepita mbele ya watazamaji asiwazibe.

Chumba kilikuwa kitupu.

Mzee alimfikia, akasema kwa midomo tu, na Siok-hun aliisoma midomo ile vizuri kuliko mtu yeyote duniani: *Mlifungua mchezo gani?*

"Hatukufungua mchezo, Baba. Tunanakili tu."

Kikaragosi kilitikisa kichwa kwa hasira. *Mlifungua.*

Kian-hong alimgeukia Siok-hun. "Lile jaribio, dada. Siku ya kwanza. Nilikwambia upige faili moja tuone kama bado linafunguka."

Akakumbuka. Alikuwa amefungua faili la juu kabisa, *Lo-tai Arudi Nyumbani*, akalisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana sauti ya baba ilikuwa imemkamata. Askari Lo-tai anatembea kutoka vitani, theluji magotini, mto, msitu, hatimaye kijiji chao. Anaifikia nyumba ya mama yake. Anabisha. Hapo Kian-hong alisema, "Ni zima hilo, tuendelee," naye akalikata.

"Ilikuwa kuhakikisha tu," alisema, na sauti yake ikatoka ya kitoto. "Faili tu, Baba. Halikuwa onyesho."

Mzee alifumba macho. Hakuhitaji kumwambia, Siok-hun mwenyewe ndiye aliyewafundisha wacheza vikaragosi wachanga sheria hiyo. Mwezi wa saba, roho zisizo na jamaa wa kuzilisha huachiliwa zitembee, watu huziita Ndugu Wema ili zisikasirike, na safu za mbele za kila onyesho huachwa wazi kwa ajili yao. Mchezo ukishaanza mwezi huo haukatwi. Ije mvua, uzimike umeme, watu wote wakimbilie makwao, kikundi kitacheza mpaka mwisho mbele ya mabenchi matupu, kwa sababu si matupu.

*Mlikata wapi?*

"Alipobisha mlango."

Sauti za mbegu zilikoma zote kwa mara moja. Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza.

"Basi tuwapigie mwisho," Kian-hong alisema kwa haraka, akairudisha diski. "Ba'mkubwa, tunawapigia mwisho, wanakwenda zao, sivyo?"

Flashi ikawaka mara ya kwanza bila ubishi. Faili likafunguka katika vipokea sauti vilivyowekwa mezani, sauti imepandishwa hadi mwisho. Lakini walipousogeza mstari mbele, baada ya kubisha hapakuwa na kitu. Palikuwa ndipo penyewe, pale nakala ilipokuwa ikikwama siku zote hizo. Walijaribu tena. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Mara ya tatu kikombe cha chai juu ya meza kilipasuka chenyewe, na baridi ikawajia miguuni kama maji yanayopanda.

Mzee Teng alifungua kinywa. Akajaribu, mishipa ya shingo ilimtoka, mdomo ukaunda maneno ya mama wa Lo-tai, na kilichosikika ni upepo tu kwenye tundu la shingo. Machozi yalimlenga. Akageuka, akamnyooshea Siok-hun kikaragosi kifuani.

"Mimi?"

Kikaragosi kiliitikia.

Hasira ilimpanda Siok-hun, ikaipita hata hofu. "Leo mimi? Nilikuomba nikiwa na miaka kumi, Baba. Nikakuomba tena nikiwa na ishirini. Ukasema sauti ya mwanamke haijazi uwanja, ukanipa kazi ya waya. Ukamfundisha kila mvulana aliyepita, wakaenda zao mjini kuuza simu. Leo ndiyo inajaza?"

"Dada," Kian-hong alinong'ona, "gombaneni baadaye. Kuna mtu ananipumulia kisogoni."

Baba yake hakukitikisa kikaragosi. Alikivua mkononi, akaweka mikono yote miwili wazi mbele ya binti yake, mitupu.

Siok-hun aliketi. Alivuta pumzi, hewa ikaingia na ladha ya udongo, akaanza kwa sauti nyembamba iliyokatika, "Nani abishaye saa hii ya theluji?" na hakuna aliyepasua mbegu, akaendelea, sauti ya mama mzee ikamjia kutoka huko alikokuwa ameificha tangu utoto, ikiwa na kikwaruzo chake na kujikokota kwake kuelekea mlangoni, akasema maneno ya komeo na maneno ya taa, na kadiri alivyosema ndivyo alivyowahisi wakisogea, safu kwa safu, baridi ikimkaribia magoti na mapaja, mpaka akajua kwamba akinyoosha mkono atagusa uso, na hakuunyoosha, alifumba macho akaufungua mlango wa Lo-tai mbele yao wote.

"Mama akatazama nje," alisema. "Hakuona mtu. Theluji tu, bila nyayo."

Chumba kiliguna. Kian-hong alijifunika uso kwa mikono.

"Kwa maana mwanawe alikufa vitani mwanzo wa mchezo, naye mwenyewe hakujua. Mama akasimama hapo. Kisha akauacha mlango wazi, baridi na iingie, akarudi jikoni, akapakua bakuli la wali wa moto, akaliweka mahali pa mwanawe. Akasema, 'Umechelewa, kula.'"

Aliugonga mwisho wa mchezo kwa vidole juu ya meza, kama ngoma inavyougonga.

Halafu mabenchi yalikwaruza sakafu, mabenchi mengi katika chumba chenye viti vitatu tu, na miguu isiyo na viatu ikatoka taratibu, na mtu mmoja akapenga kamasi kama anayelia. Joto la Agosti likarudi. Kwenye skrini, mstari wa bluu ulijinyanyua wenyewe ukaanza kutembea.

"Inakwenda!" Kian-hong aliruka. "Dada, imepita! Ona, ona, imepita!"

Walikaa wakiutazama hadi ukafika mwisho, hakuna aliyethubutu hata kwenda kujisaidia. Kian-hong alifungua mafaili kwenye diski mpya moja baada ya jingine, safari hii akiangalia tu kama yamejaa bila kulipiga hata moja. Yote yalikuwa mazima. Mzee akamshika binti yake kichwani kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya zamani, akaonyesha lile faili la Lo-tai. Alitaka kuisikia sauti yake.

"Tukilianza tunalimaliza," Siok-hun alisema.

Kikaragosi, kimerudi mkononi, kiliitikia.

Kwa kuwa spika zilikuwa lorini, baba na binti waligawana vipokea sauti, kila mmoja sikio moja. Sauti ya mzee Teng ikatoka, nene na safi, ikavuka mto na msitu. Mzee aliisikiliza midomo ikicheza. Lo-tai akaufikia mlango, akabisha.

"Nani abishaye saa hii ya theluji?"

Ilikuwa sauti ya Siok-hun. Katika chumba kile hapakuwa na kinasa sauti chochote, na bado alisikia kila neno lake, hata alipomeza mate. Nyuma yake walisikika wengine wakipumua, wengi, karibu mno. Mama akaweka bakuli. Ngoma ya vidole ikagonga. Mabenchi yakakwaruza, miguu ikatoka, ikaisha.

Faili halikuisha. Mtu mmoja alikuwa bado anapumua. Akasogea, karibu kabisa na sikio, akasema kwa upole, kama mtoto aombaye:

"Mchezo mwingine."

Siok-hun alikichomoa kipokea sauti, akamtazama baba yake. Mzee naye alikuwa amesikia. Hakukimbia. Alivuta kiti kingine, akakiweka mbele, mahali pa mtazamaji, akakiacha wazi. Kisha akamimina maji katika bilauri, akamsogezea binti yake.