Pointi Kumi na Saba za Wanu

Kila siku tukirudi madrasa, mimi na Wanu tulikuwa na kazi moja kabla ya chai. Tulifagia ukumbi wa chini wa nyumba yetu ya Mkunazini, tukapanga chupa kumi za plastiki zenye mchanga kidogo ndani, moja mbele, mbili, tatu, na nne nyuma kabisa. Kisha tulimwita Mjomba Majid. Alikuwa mdogo wake mama, akifanya kazi Maskati katika jumba la boling, mchezo wa kuangusha chupa kwa mpira, na mwaka ule wa 2003 alikuja likizo ya miezi miwili. Bila mchezo wake alikuwa hatulii.

Wanu alikuwa na miaka kumi na miwili kama mimi. Baba yake, Mzee Usi, mkulima wa Makunduchi, alimleta kwetu asome skuli ya mjini. Mama yake, Bi Borafya, aliachika akaolewa tena Dar es Salaam, na Wanu hakuwa amemwona kwa miaka miwili. Nayaeleza haya mapema ili msije mkasema mimi, Kulthum, sikujua. Nilijua yote.

"Mchezo una raundi kumi," Mjomba alitufundisha, "na kila raundi ina mitupo miwili. Ukiangusha saba, halafu mbili, unaandika tisa, basi. Lakini ukizimaliza zote kumi kwa mitupo miwili, huandiki jumla kwanza. Unangoja. Mtupo wako unaofuata unaongezwa juu ya zile kumi. Na ukiziangusha zote kwa mtupo mmoja, unaongezewa mitupo miwili inayofuata. Asiyekosa hata mara moja hupata mia tatu."

Mdogo wangu Nadir alikataa katakata. "Mjomba, huo wizi! Kwenye keram kete ikiingia shimoni imeingia. Tunangoja nini?"

Sote tulizoea keram na karata, ambako ulichopata unakihesabu papo hapo. Wanu ndiye aliyefahamu mwanzo.

"Kumbe mtupo mmoja unaweza kuhesabiwa mara mbili," alisema. "Kwenye raundi yake na kwenye raundi iliyopita."

Mjomba alimpigia makofi. Mimi nilifahamu siku ya tatu, na makofi yale yaliniuma sana.

Likizo ilipokaribia kwisha, Mjomba alisema ana safari ya siku mbili Dar es Salaam, na atamchukua mtoto mmoja akacheze boling ya kweli. Atakwenda atakayeshinda Alhamisi. Jioni ile tulipokuwa tunaosha vyombo, Wanu aliniambia, "Mimi hiyo boling siitaki. Nikishinda ntamwona mama." Nilimwitikia tu, nikaendelea kusugua sufuria.

Alhamisi Mjomba aliitwa bandarini kuchukua tiketi mchezo ukiwa katikati. Aliniachia ubao na chaki kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. "Andika kila mtupo juu na jumla chini," alisema, akatoka. Nadir alikuwa nyuma mno, akaacha kucheza akaenda kurusha tiara.

Baada ya raundi saba nilikuwa na themanini na nne, Wanu themanini. Raundi ya nane nilipata tisa. Wanu aliangusha sita, kisha nne zilizobaki. Raundi ya tisa nilipata tisa tena. Wanu alirusha mpira mara moja tu, chupa zote zikalala. Raundi ya mwisho mimi tisa, yeye tatu na nne.

Kwa sheria ya Mjomba, raundi ya nane ya Wanu ilikuwa ishirini na ya tisa kumi na saba. Jumla yake ilikuwa mia na ishirini na nne, yangu mia na kumi na moja. Chaki ilikuwa mkononi mwangu. Nikamwandikia kumi, kumi, na saba, kama tunavyohesabu keram. Nikajumlisha: mia na saba.

Wanu alisogea, akautazama ubao muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Kisha akasema, "Hongera, Kulthum," akaanza kukusanya chupa.

Mjomba alirudi na haraka zake, akasoma namba za chini tu. Asubuhi Wanu alinipa mkoba wa ukili aliousuka mwenyewe. "Mpe mama," alisema. Nilitaka ardhi inimeze, lakini niliupokea.

Bandarini Dar es Salaam Bi Borafya, aliyesikia kuwa Mjomba anakuja na mtoto, alikuwa anatungoja. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku akitazama abiria waliokuwa nyuma yetu.

"Wanu bado anashuka?"

"Hakuja, dada," Mjomba alisema. "Kashindwa kwa pointi nne."

Bi Borafya aliupokea mkoba, akanipa mfuko wenye gauni jipya. "Mwambie alivae aone. Huenda likawa dogo, sijui kimo chake sasa."

Jumba la boling lilikuwa na taa za kila rangi, na mlangoni tuliazimwa viatu vya kuchezea. Niliangusha saba, kisha tatu. Kwenye kioo kilichokuwa juu yetu, nafasi ya jumla ilibaki tupu. Nikarusha tena, zikaanguka nane, na mashine ikaniandikia kumi na nane bila ya kuombwa.

"Umeona?" Mjomba alicheka. "Sawa na nyumbani."

Nikalia, nikamwambia yote. Hakunipiga. Alisema, "Vua viatu vyao, twende ukamwambie Bi Borafya kwa mdomo wako."

Nilimwambia. Bi Borafya aliuliza neno moja tu: "Na Wanu alisemaje?"

"Alinipa hongera."

Akajifunika uso kwa kanga.

Tuliporudi nyumbani, Mjomba alinisimamisha mbele ya Wanu na mama yangu, nikaihesabu upya kila raundi.

"Nilijua," Wanu alisema.

"Mbona hukusema, mwanangu?" mama alimuuliza.

"Baba kanambia nisibishane kwenye nyumba ya watu. Nnakula hapa, nnalala hapa. Ningesema nini?"

Jumatatu Mjomba alimpeleka Wanu kwa mama yake, akitumia siku za mwisho za likizo yake. Wiki ile ile Mzee Usi alikuja kuchukua vitabu vya Wanu. Mtoto ameomba kusomea Dar es Salaam, alisema, na yeye amekubali. Hakutugombeza. Ingekuwa afadhali angetugombeza.

"Mama, hatorudi?" niliuliza alipoondoka.

Mama alinikalisha karibu yake. "Kulthum, hukuiba pointi tu. Mtoto wa watu aliona, akanyamaza kwa ajili ya chakula chetu, nawe ukaitumia heshima yake kumnyang'anya haki yake. Kumtendea haki mtu anayeweza kukudai si ajabu, hata mwizi hufanya akiogopa. Uaminifu wako utapimwa kwa yule asiyeweza kukudai."

Nilingoja aniambie kuwa Wanu atarudi. Hakuniambia.