Idrisa Abaki

Asubuhi ile stendi ya Kibiti ilikuwa imefurika. Mabasi ya Lindi na Mtwara yalisimama ubavu kwa ubavu, wauza korosho wakipigana vikumbo madirishani, na kwenye kibanda chake cha bati la bluu Mwanaamina alikuwa ameshabandika karai la mafuta jikoni. Alivaa dera la zambarau na ushungi uliofungwa kwa haraka. Wateja walikuwa wamejipanga tayari, maana Kibiti nzima ilijua kwamba kamba wake hutoka kwao Maparoni, huko delta, na hufika stendi kwa gari la Nyamisati, kwenye ndoo nyeupe yenye barafu.

Akafunua ndoo. Ndani mlikuwa na tope.

Tope jeusi, zito, linalonuka mikoko.

"Dada, hao kamba wameungua sana," mteja mmoja akasema.

Mwanaamina alitoka mbio, mwiko mkononi. Kando ya basi la Dar alimkuta kijana mrefu mwenye miwani, suruali imeganda udongo, amekumbatia ndoo nyeupe kama mtoto mchanga.

"Kaka, weka chini kamba wangu!"

"Kamba? Dada, hii ni sampuli. Inakwenda maabara Uingereza."

"Ifungue."

Akaifungua. Kamba wakamtazama.

"Lahaula! Nilikuwa nakwenda kuwapima hawa chumvi."

"Chumvi natia mimi. Lete hapa."

Kijana huyo ndiye Idrisa, mzaliwa wa Ngorongo, aliyelelewa hapo Kibiti na mjomba wake, Mzee Abbasi. Sasa alikuwa mwalimu katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza. Alifundisha habari za mikoko, na chuo kilikuwa kimemtuma delta kuchota tope.

"Yaani umesoma mpaka Ulaya ili uje uchote tope?" Mwanaamina alimuuliza alipokuja kuomba radhi kibandani.

"Na wewe umekulia kwenye tope, ukalikimbia. Tumepishana njiani."

Mwanaamina hakutaka kucheka. Alicheka. Akampa sahani ya kamba, na Idrisa akaomba ya pili.

Tangu hapo, kila Idrisa aliporudi kutoka delta alipitia kibandani kabla ya kufika kwa mjomba. Kazi ya kuchota tope ikaisha, yeye hakuondoka; asubuhi alikwenda delta kupanda miche ya mikoko, jioni yuko kibandani. Chuo kilipompigia kuuliza anarudi lini, alijibu kwamba maji hayajapwa vizuri.

"Maji gani hayo yasiyopwa?" Mwanaamina aliuliza.

"Ya moyoni."

"Hiyo sasa kamba, tena haikaangiki. Toka hapa!" Lakini huku akimfukuza alikuwa akimsogezea kiti. Na kila Idrisa alipoaga kweli kweli, ni Mwanaamina aliyesema, "Kwani kesho hakuna ndege?"

Hatimaye aliondoka, ameahidi kuleta posa baada ya mfungo. Wakawa wanaishi kwenye simu, mpaka ilipokuja ile simu mbaya.

"Mpenzi, wananifukuza."

"Nani? Chuo?"

"Serikali ya huku. Mgeni mwenye kibali kama changu haruhusiwi kukaa nje ya nchi kupita muda wao. Mimi niliupitiliza huko kwetu. Wanataka niondoke, na nisirudi tena."

Furaha ilimtoka Mwanaamina kabla hajaizuia. Akacheka. "Si ndiyo unarudi nyumbani? Alhamdulillahi! Nikupikie nini?"

"Mwanaamina, nafukuzwa kama mwizi wa kuku. Wanafunzi wangu wanaachwa njiani, kazi yote ya mikoko inatupwa, na wewe unaniuliza nile nini?"

"Kwani huku hakuna wanafunzi? Au kuna kinachokushika huko?"

"Kama hunielewi, basi."

"Basi!" Akakata simu, kisha mchana kutwa akaunguza kamba.

Siku chache baadaye Subira, shoga yake wa kibanda cha juisi, alimletea picha kwenye simu. Wanafunzi wamejaa nje ya chuo, mvua inawanyeshea, wameshika mabango. Katikati yuko Idrisa, na amekumbatiwa na mwanamke wa Kihindi mwenye bango la Kiswahili: IDRISA ABAKI.

"Wanampigania mwenzio," Subira akasema.

"Wengine wanapigana. Huyu anakumbatia."

"Mzuri lakini."

"Koti lake ndilo zuri. Usichanganye mambo."

Kampeni ikaingia na Kibiti. Mzee Abbasi aliazima kipaza sauti, akatandika meza stendi na kuwataka watu waweke saini za kumwombea mpwa wake abaki chuoni. Walisaini wenyeji, wakasaini na abiria wa Mtwara wasiomjua. Babu mmoja aliuliza Idrisa anagombea udiwani wa kata gani. Alipoambiwa hagombei chochote, alisaini hivyo hivyo, kisha akauliza fulana zinagawiwa wapi.

"Mwanangu, umebaki wewe," Mzee Abbasi alisema, amesimama mbele ya karai.

"Shikamoo mjomba. Mikono yangu ina mafuta."

"Marahaba. Nawa."

"Itapata mengine."

Maneno yalifika Uingereza kabla ya jioni: Kibiti nzima imesaini, kasoro Mwanaamina. Hata simu chache za Idrisa zikakoma.

Aliyepiga ni yule mwanamke wa pichani.

"Dada Mwanaamina? Habari za huko? Naitwa Purvi, nafundisha sheria chuoni hapa kwa Idrisa. Mimi mtoto wa Ikwiriri. Duka la babu yangu Vishal lilikuwa pale njia ya sokoni."

"Nimekuona pichani," Mwanaamina alijibu, sauti kavu kama ng'onda. "Umekumbatia vizuri."

Purvi aliangua kicheko. "Dada, aliyepiga ile picha ni mume wangu! Idrisa alikuwa analia. Watu wakadhani ni kwa ajili ya kibali, kumbe ametoka kukatiwa simu."

Mwanaamina akakaa juu ya ndoo bila kujua amekaa.

"Tunamtaka mtu aeleze Idrisa alikuwa akifanya nini zile wiki za ziada," Purvi akaendelea. "Tumemuuliza mwenyewe. Anasema yupo anayejua, lakini hatamtaja, hataki jina lake liburuzwe maofisini. Namba yako nimeipata kwa mjomba wake."

Mwanaamina alikitazama kiti cha Idrisa. Zile wiki alikuwa wapi kama si hapa, kwenye kiti hiki? "Nikisema kweli, sitamwangamiza?"

"Sijui, dada. Lakini uongo sitaubeba."

Kesho yake alifunga kibanda. Alivaa gauni la kijani la Idi, akapaka wanja, akamburuta Subira mpaka Nyamisati, wakapanda boti ya Maparoni. Huko aliingia katikati ya mikoko, tope likamfika magotini na gauni likaenda na maji. Subira akainua simu.

"Naitwa Mwanaamina, nakaanga kamba Kibiti. Asubuhi zote Idrisa alikuwa hapa, kwenye tope hili. Miche hii mnayoiona kaipanda na kaipima yeye, hata zile wiki mnazomdai, na Maparoni nzima ni shahidi. Jioni alikuwa kwangu. Kila alipotaka kuondoka nilimwambia bado. Hilo ni langu, nileteeni mimi barua."

Akafuta jasho, akajipaka tope usoni.

"Sasa nisikilizeni. Duniani hakuna anayetaka Idrisa aondoke huko kuliko mimi. Mkimfukuza leo, kesho nina mume. Lakini mume wa kuletewa na polisi simtaki. Mwacheni amalize kazi yake, aje kwa miguu yake. Kumrudisha nyumbani ni kazi yangu, si yenu."

Alipotaka kuondoka mguu ulikwama, akaketi topeni chubwi. Subira, Mungu amsamehe, hakuzima simu.

Purvi aliweka tafsiri, na video ikazagaa chuoni. Waliocheka walipomaliza kucheka waliandika barua. Maprofesa ambao hawajawahi kushika bango walitoka na miavuli. Wakubwa wa uhamiaji wakalipitia upya shauri, wakakubali kwamba zile wiki zilikuwa za kazi, wakaifuta amri.

"Mwanaamina," Idrisa aliita simuni.

"Abee."

"Nabaki."

Machozi yalimtoka, na hakujua ni ya upande upi. "Hongera. Video umeiona?"

"Kila siku."

"Mpaka pale nilipoanguka?"

"Naanzia hapo."

"Mpuuzi wewe!"

"Mpuuzi wako. Nimepewa likizo, ya halali. Nakuja kuoa, kama mwenye kazi ya kunirudisha bado anaitaka."

Walioana Maparoni. Mzee Abbasi alihutubia mpaka pilau ikapoa. Likizo ikayeyuka, na asubuhi ya safari Idrisa alikuwa amejikalia kibandani na kanzu yake, anamenya kamba.

"Nimewaza, mke wangu. Kwani kesho hakuna ndege?"

Mwanaamina, hina bado mbichi viganjani, aliweka mwiko chini. Akanyanyua begi la mumewe, akamshika mkono na kumsukuma mpaka mlangoni mwa basi la Dar, stendi nzima ikishuhudia.

"Unanifukuza?"

"Nakufukuza. Panda!"

Abiria walipiga makofi. Basi lilipoanza kutembea Idrisa alitoa kichwa dirishani.

"Sema basi kwamba unanipenda!"

"Nikisema utashuka!"

Akangoja mpaka basi lilipopinda kona, ndipo akasema.